Macho ya Roboti na Mkokoteni wa Babangu

Ndugu msomaji, usiufunge ukurasa huu kwa kusema kwamba habari za roboti ni za wahandisi na sisi watu wa kalamu hazituhusu. Neno lenyewe "roboti" halikuzaliwa karakana. Lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, ndiye aliyelileta mbele ya watu katika tamthilia yake iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuonyeshwa Prague mwaka 1921, na hata yeye alidokezewa neno hilo na nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Roboti za Čapek zilikuwa vibarua waliotengenezwa kiwandani, wenye nguvu na wasiochoka, ambao mwishowe waliwaasi mabwana zao.

Tangu siku hiyo watu wameuogopa uasi wa roboti. Lakini mtu akikaa karibu na kazi yenyewe, hata akiwa karani wa chini kabisa kama nilivyokuwa mimi, anagundua kwamba shida si uasi. Roboti za kweli ni tiifu kupita kiasi. Shida ni kwamba hazijui kinachotokea mbele yao. Na zikijua, mara nyingi hazijui la kufanya kwa wakati unaofaa. Mambo hayo mawili, kuona na kutenda, yamewatoa wataalamu jasho kwa zaidi ya nusu karne, na bado yanawatoa.

Mimi si mhandisi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mabaya, lakini karo ya kuendelea haikupatikana, nami ndiye kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano. Ninachokitaka maishani ni kuandika riwaya. Nina sura saba za ile ya kwanza, zimo katika madaftari ya kurasa mia mbili. Lakini landilodi wa Kayole hapokei sura za riwaya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kwa mwaka mmoja na miezi minne nilifanya kazi katika ofisi moja hapa Nairobi, nikiwa miongoni mwa vijana tuliojaa ukumbi mzima, kila mmoja na kompyuta yake, tukichora visanduku.

Visanduku? Ndiyo. Unaletewa picha ya barabara, nyingi zikiwa za miji ya ng'ambo, iliyopigwa na kamera iliyo juu ya gari. Unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu, kila baiskeli, kila taa ya barabarani. Kila kisanduku unakipa jina kutoka katika orodha. Ukimaliza, picha inakwenda, nyingine inakuja. Picha ya barabara tupu ni ya dakika chache. Picha ya njia panda saa za jioni inaweza kukumalizia saa nzima, na mkubwa wa zamu anakuja kukusimamia begani akiuliza kama umelala.

Babangu huvuta mkokoteni. Kila alfajiri huwa Marikiti, anapakia kabichi na viazi, anavipeleka kwa akina mama wenye vibanda mitaani. Jioni moja, akiwa ameweka miguu yake ndani ya karai la maji moto, aliniuliza juu ya kazi yangu.

"We kijana, ati mnalipwa kwa kuchora maboksi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na hayo magari ya Wazungu hayana macho?"

"Yana macho, ila hayajui yanachokiona."

Alicheka sana. "Hata mtoto wa mwaka mmoja anajua mbuzi ni mbuzi."

Mzee hakujua, lakini alikuwa amesema jambo ambalo mtafiti Hans Moravec aliliandika katika kitabu mwaka 1988: kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta ishindane na mtu mzima katika mitihani ya akili au mchezo wa drafti, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Moravec alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1979, huko Stanford, Marekani, kigari chake chenye kamera kilivuka chumba kilichopangwa viti bila kusaidiwa na mtu. Kilitumia kama saa tano. Kilikuwa kikienda kama mita moja, kinasimama, kinawaza kwa dakika kumi na zaidi, halafu kinakwenda mita nyingine. Mtoto anayetambaa angekuwa amevuka, amerudi, amevuta kitambaa cha meza na kuchapwa, kabla ya kigari hicho kumaliza mita ya pili.

Ukitaka ushahidi mwingine, kumbuka tarehe 11 Mei 1997, siku ambayo kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Magazeti yalipiga kelele kwamba mashine imempita binadamu. Lakini ukiitazama meza ile, utaona kuna mtu aliyeketi mbele ya Kasparov. Huyo ndiye aliyekuwa akiisogezea kompyuta kete zake. Mashine iliyoweza kupima mamilioni ya hatua kwa sekunde haikuwa na mkono wa kunyanyua hata kete moja.

Kwa nini kuona ni kugumu hivyo? Sisi tunadhani kuona ni kufumbua macho tu. Kumbe kamera haimpi roboti mbuzi, inampa namba. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta 2,073,600, na kila nukta ni namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Hizo ni namba zaidi ya milioni sita kwa picha moja, na kamera inaleta picha nyingi kila sekunde. Haya, niambie, mbuzi yuko wapi humo? Jua likiingia wingu, namba zote zinabadilika, na mbuzi ni yule yule. Mbuzi akigeuka, namba zinabadilika tena. Akijificha nyuma ya nguzo akabaki kichwa tu, wewe unajua mwili upo. Namba hazijui.

Kwa miaka mingi wataalamu walijaribu kuandika kanuni: mbuzi ana pembe mbili, miguu minne, ndevu. Kanuni zikashindwa. Njia iliyofaulu ni ile ya kumfunza mtoto: unamwonyesha mifano mingi na kumtajia majina. Mwaka 2009 Fei-Fei Li na wenzake walitangaza hazina ya picha iitwayo ImageNet, ambayo hatimaye ilifika zaidi ya picha milioni 14. Waliozipa picha hizo majina walikuwa maelfu kwa maelfu ya watu wa nchi nyingi, wakilipwa malipo madogo madogo kupitia intaneti. Mwaka 2012 programu iliyofunzwa kwa picha hizo na watafiti wa Toronto iliwaacha washindani wake mbali sana, na tangu hapo kila mtu akaifuata njia hiyo. Magari yanayojiendesha nayo yakahitaji mifano yake, na mifano inahitaji majina, na majina yanahitaji mikono. Ndipo kazi ilipofika Nairobi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikiapo kwamba mashine fulani inaona, ujue kwamba nyuma ya jicho lake kuna kijana wa mtaa kama wewe, macho mekundu, chai imepoa, anachora kisanduku cha mia mbili tangu asubuhi.

Niliipenda kazi ile mwanzoni, nisiseme uongo. Ilinifunza kutazama. Niligundua mambo ambayo nilikuwa nayapita kila siku bila kuyaona. Kivuli cha mti juu ya lami kinafanana na shimo. Dimbwi la maji lina mbingu ndani yake. Basi lenye tangazo nyuma lina picha ya mwanamke mkubwa kuliko mtu, anatabasamu. Je, ni mtu? Mtu aliyejitwika godoro haonekani kichwa wala mabega, unaona godoro lenye miguu miwili. Mtoto aliyeinama kufunga kamba ya kiatu kati ya magari mawili ni kama furushi.

Kwa sababu kamera pekee haitoshi, hasa usiku, roboti nyingi hupewa vihisi vya aina mbalimbali. Kuna rada, ambayo inajua vizuri kitu kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani, lakini umbo lake haikuambii sawasawa. Kuna laida, inayorusha miale ya leza na kupima muda ambao mwanga unatumia kwenda na kurudi. Mwanga husafiri kama sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya laida haina budi kuwa makini kweli kweli. Laida inatoa umbo zuri la nukta, lakini ukungu, mvua na vumbi huisumbua. Sasa hao watatu ni kama mashahidi watatu mbele ya chifu. Mmoja anasema kuna mtu, mwingine anasema kuna chuma, wa tatu anasema hakuna kitu. Chifu hana nafasi ya kuahirisha kesi mpaka Jumatatu. Lazima aamue sasa hivi, gari likiwa linakwenda.

Siku moja katika picha zangu alitokea mzee wa mji wa ng'ambo akisukuma kitoroli cha dukani kilichojaa mifuko, blanketi na chupa tupu. Ilionekana wazi kwamba kitoroli ndicho nyumba yake. Nilitazama orodha. Kulikuwa na mtu, mwendesha baiskeli, pikipiki, gari dogo, lori, basi. Nikamwuliza dada tuliyekuwa tukiketi meza moja.

"Huyu nimweke wapi?"

"Weka mtu."

"Na mzigo?"

"Weka kitu kingine."

"Lakini wanakwenda pamoja."

"Mwongozo haujasema hivyo, ndugu yangu. Chora viwili, uende mbele."

Nilimwita mkubwa wa zamu. Naye akasema viwili. Basi nikachora kisanduku cha mtu na kisanduku cha kitu kingine, na mikono ya yule mzee, iliyoshika kitoroli, ikabaki imegawanywa na mstari. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikimfikiria babangu na mkokoteni wake, visanduku viwili barabarani, kimoja kina jina na kingine hakina.

Usidhani nilikuwa nikijitia huzuni bure. Jambo hili limekwisha kuua. Tarehe 18 Machi 2018, usiku, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa likijiendesha kwa kasi ya kama kilomita 70 kwa saa. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara kwa miguu, akisukuma baiskeli yake, mahali pasipo na kivuko. Gari lilimgonga akafa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa taarifa yao mwaka 2019, na waliyoyakuta yanafaa kusomwa na kila mwenye kuandika.

Gari halikuwa pofu. Lilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, yaani likiwa bado na zaidi ya mita mia moja mbele yake. Dereva wa matatu, kwa wendawazimu wake wote, angekuwa amefunga breki akatukana na kwenda zake. Lakini mfumo haukuweza kukata shauri huyo ni nani. Ulimwita gari. Ukamwita kitu kingine. Ukamwita baiskeli. Kumwita mtu, hapana, kwa kuwa haukuwa umetengenezwa kufikiria kwamba watu huvuka mahali pasipo na kivuko. Na hapa ndipo mwili wangu uliposisimka: kila ulipombadilisha jina, uliitupa kumbukumbu ya alikotoka. Kwa mfumo ule, kila jina jipya lilikuwa kitu kipya kilichoanza kuwapo dakika ile. Na kitu kisicho na jana huwezi kujua kinaelekea wapi. Mwanamke alikuwa akivuka barabara kwa mwendo ule ule, wazi kabisa, na mashine ikawa inamwona akizaliwa upya tena na tena, bila safari.

Mwishowe, ikiwa imebaki sekunde 1.2, mfumo ulijua kwamba anagongwa. Hata hapo haukufunga breki. Ulikuwa umepangwa ungoje sekunde moja kwanza. Breki za dharura za kiwandani zilikuwa zimezimwa wakati kompyuta inaendesha, na mtu aliyeketi kwenye usukani ili kuingilia kati alikuwa akitazama simu yake.

Utauliza, ni mwendawazimu gani aliyeipanga mashine ingoje? Hapa ndipo tunapotoka kwenye kuona na kuingia kwenye kutenda, na si mambo ya wajinga. Gari linaloshtukia kila mfuko wa nailoni unaopeperushwa na upepo, likifunga breki ghafla kila mara, litagongwa nyuma na abiria watavunjika shingo. Kwa hiyo wahandisi huweka kiasi cha subira. Subira ikiwa ndogo, mashine ina wasiwasi kama kuku aliyeona mwewe. Subira ikiwa kubwa, inaua. Kiasi kinachofaa kiko wapi? Hilo ndilo swali, na jibu lake halimo katika kitabu kimoja.

Babangu ana jibu lake, ingawa hajapata kuitwa mtaalamu. Nilikuwa na miaka kumi na minne aliponifunza kuushusha mkokoteni mlimani, ukiwa na magunia manane. Nyuma ya mkokoteni huninginizwa kipande cha tairi kuukuu. Ukiinua mbele, tairi inakwaruza lami, hiyo ndiyo breki. Aliniambia, "Usingoje ikusukume ndipo uizuie. Ikishakusukuma umechelewa. Na ukiizuia kwa nguvu kwa ghafla, itakupindua. Anza mapema, polepole, usikilize mgongo." Miaka kumi baadaye nilisoma kwamba wahandisi hutumia hesabu nyingi kusema maneno hayo hayo. Kila roboti huzunguka duara moja: hisi, amua, tenda, kisha hisi tena uone ulichokitenda kimeleta nini. Adui wa duara hilo ni kuchelewa. Kwa kilomita 60 kwa saa gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Likitumia nusu sekunde kuwaza, limekwisha kwenda mita nane kwa mawazo ya zamani. Linasahihisha kosa ambalo halipo tena, linakwenda kushoto mno, linajisahihisha tena, linakwenda kulia mno, kama mlevi aliyetoka kilabuni akitafuta mlango wa nyumba yake.

Wamarekani walilishuhudia jambo hili jangwani. Mwezi Machi mwaka 2004, shirika la utafiti la jeshi lao liitwalo DARPA liliahidi dola milioni moja kwa gari litakalojiendesha kuvuka jangwa la Mojave. Yalianza magari 15, njia ilikuwa na zaidi ya kilomita 220. Halikumaliza hata moja. Lililokwenda mbali zaidi lilifika karibu kilomita 12, likakwama ukingoni mwa njia. Wengine wangekata tamaa. Mwaka uliofuata, 2005, magari matano yalimaliza, na la kwanza lilikuwa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford. Siri moja ya Stanley naipenda sana. Leza zake zilikuwa zikiona vizuri karibu tu. Kwa hiyo kamera ilijifunza kutoka kwa leza: ardhi hii iliyo karibu, ambayo leza imethibitisha kuwa ni njia nzuri, ina rangi na sura gani? Halafu ikatafuta sura hiyo hiyo mbali zaidi. Yaani lilitumia linalolijua kwa hakika ili kukisia lisilolifikia, na jinsi lilivyoweza kuona mbali, ndivyo lilivyothubutu kwenda kasi.

Kuna roboti zenye shida kubwa zaidi. Mwezi Juni mwaka 2015, mjini Pomona, California, zilishindanishwa roboti zenye sura ya mtu: ziendeshe gari, zishuke, zifungue mlango, zifungue valvu, zipande ngazi. Dunia nzima ilicheka ikitazama jinsi zilivyoanguka. Moja inashika kitasa cha mlango, inavuta hewa, inakwenda chini kama gunia. Iliyoshinda ilitoka Korea Kusini, inaitwa DRC-HUBO, nayo ilikuwa na ujanja wa kizee: palipokuwa na ardhi tambarare, ilipiga magoti na kutembea kwa magurudumu yaliyokuwa magotini. Haikuona haya kwamba roboti yenye miguu inakwenda kwa magoti. Ikachukua dola milioni mbili.

Na ziko zilizo mbali na mtu yeyote wa kuzishika mkono. Ishara ya redio kutoka duniani hadi sayari ya Mars hutumia kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi. Ukiona jabali mbele ya roboti yako huko na kupiga kelele "simama!", jabali limekwisha kugongwa zamani. Ndiyo maana tangu Sojourner, kigari cha kilo kama kumi na nusu kilichofika huko Julai 1997, vigari hivyo vimepewa uwezo wa kujiamulia mambo fulani. Hata hivyo mchanga hauna orodha. Mwaka 2009 kigari kiitwacho Spirit kilivunja ganda la juu la udongo ulioonekana imara, kikazama katika mchanga laini, na hakikutoka tena.

Lakini nisije nikaonekana kama mtu wa kusengenya tu. Karibu na kwetu, nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu hospitalini, zikiidondosha kwa mwavuli. Zinajiongoza zenyewe. Kwa nini hilo likawezekana kabla ya gari la kujiendesha kufika Kirinyaga Road? Kwa sababu angani hakuna mikokoteni. Kuna upepo na mvua, ndiyo, kazi ya kutenda ni ngumu, lakini kazi ya kuona imepunguzwa. Hakuna anayevuka, hakuna anayeuza njugu kati ya magari, hakuna makanga anayeruka kabla matatu haijasimama. Hata yale magari ya Waymo, ambayo tangu 2020 yamekuwa yakibeba raia wa kawaida bila dereva katika vitongoji vya Phoenix, yalianzia palipo na barabara pana na jua la kutosha. Roboti hufaulu haraka pale dunia inapokuwa imenyoshwa kwanza. Sisi wengine tunaishi pasiponyoshwa.

Mkataba wangu ulikwisha mwaka jana. Hatukufukuzwa, tuliambiwa tu kwamba kazi imepungua. Programu sasa zinachora visanduku vingi zenyewe, na mtu anabaki kukagua. Kwa maneno mengine, tuliifunza mashine kazi yetu, ikafuzu. Wenzangu wengine wana uchungu, nami nawaelewa, kwani mmoja ana mtoto mchanga. Lakini kinachoniuma mimi ni kingine. Ile orodha ya majina haikuandikwa na sisi. Iliandikwa na watu ambao hawajawahi kumpisha mtu wa mkokoteni. Sisi tulioishi na mikokoteni tulipewa kazi ya kuchora, hatukupewa kazi ya kutaja. Na siku magari hayo yatakapofika Marikiti, nayo yatafika, yatakuja na orodha ile ile, au na nyingine. Nani ataiandika?

Mtanisamehe nikisema kwamba hii ni kazi yetu pia, sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Angalia jinsi mji unavyomwita mtu mmoja. Asubuhi ni hawka. Askari wa kaunti wakija ni mhalifu. Akilala barabarani ni chokora. Akigongwa ni maiti ya mwanamume asiyejulikana. Kila jina jipya linafuta alikotoka, kama mashine ile ya Tempe. Wenye kalamu tusipoandika kwamba ni mtu yule yule, anayetoka mahali fulani na kwenda mahali fulani, hakuna kihisi kitakachotusaidia.

Nimesoma kazi nyingi za vijana wenzangu katika kurasa hizi, na nawaombeni jambo moja. Tupunguze kuandika "umati", "wapita njia", "watu wa mjini". Hivyo ni visanduku. Mkiwa ndani ya basi kesho, chagueni mtu mmoja asiyeingia katika orodha yoyote, mmfuate kwa macho mpaka apotee, halafu mwandike alikuwa akielekea wapi.

Mimi siku hizi asubuhi namsaidia Mzee kusukuma, alasiri naandika. Sura ya nane inaanza na mwanamke anayevuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Jina lake bado sijalipata. Alikotoka nimekwisha kuandika, kurasa sita.